Swali la Bibi Thorpe

Hakimu alisema kwamba sheria mpya iliwataka madaktari wote wawe na cheti cha chuo, lakini iliwasamehe waliokwisha kutibu kwa miaka kumi. Ezra Coldwell alikuwa ameutibu mji ule kwa muda mrefu kuliko huo, bila cheti, kwa ujuzi aliourithi kwa baba yake. Kesi ikafutwa. Watu wakamshika mkono, na madaktari wasomi waliomshtaki wakatoka kimya.

Kwenye ngazi za mahakama Ezra alimkuta Bibi Thorpe, aliyemzika bintiye majira ya baridi yaliyopita.

"Umeshinda, daktari," alisema.

"Nimeshinda, mama."

"Basi nijibu mimi. Aliyesoma chuoni angemponya Minnie wangu?"

Ezra alijua jibu la kumfariji. Dondakoo, ugonjwa wa koo uliomuua Minnie, lilikuwa limewaua watoto waliotibiwa na wasomi pia, na wakili wake alilisema hilo asubuhi ile mbele ya watu wote. Lakini jibu hilo halikumtoka.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nilifanya yote niliyoyajua. Sijui kama palikuwa na zaidi."

Mama yule alifumba macho. "Ahsante. Wengine wote wananiambia ilikuwa kazi ya Mungu."

Mara gari la farasi likasimama barabarani. Mwanamume akamwita daktari kwa sauti ya hofu: mkewe alikuwa na uchungu tangu jana, na mtoto hatoki. Ezra hakusogea. Alimtazama Bibi Thorpe kana kwamba hukumu ilikuwa bado haijasomwa.

 Bibi Thorpe alisogea kando akamwachia njia, macho yake yakiitazama mikono ya daktari.