Sanduku la Wapili

Gunia la barafu lilikuwa limeshamlowesha mjane bega zima alipoingia gereji. Shemeji yake alizima mashine ya kuchomelea, akainua miwani.

"Shemeji, hili si tulishaliongea?"

"Tuliliongea. Hatukulimaliza." Akalitua gunia nyuma ya pikapu, kando ya sanduku la chuma.

Pikapu ile ilikuwa imelala miaka miwili chini ya turubai. Kibanda cha dereva kilikuwa kipya, mlango mmoja bado haujapakwa rangi. Injini ilikuwa ileile, dizeli yenye tabo kubwa kama kichwa cha mtu. Jumamosi shemeji yake alitaka kuirudisha uwanjani, mbio za mita mia nne, kwa heshima ya marehemu kaka yake. Lakini gari lilikuwa la mjane. Bila neno lake halitoki, na neno lake lilikuwa hilo moja: barafu.

"Nieleze kama mtoto wa chekechea," mjane alisema. "Tabo inafanya nini?"

"Inasukumia hewa kwenye injini. Hewa ikibanwa inapata moto, basi kipoza kinaipooza kwa maji ya barafu kutoka kwenye hilo sanduku. Lakini wewe haya unayajua kuliko mimi."

"Na bila barafu?"

"Bila barafu hakufi mtu! Lori la mizigo linalopanda mlima saa nzima, hilo sawa, linahitaji kipoza. Sisi tunakimbia sekunde kumi na moja. Injini haijajua hata kama imepata joto, tumeshafika." Akacheka. "Kilo arobaini za mzigo, shemeji yangu. Unadhani kwa nini walimwita kaka Wapili? Kila mbio anashindwa kwa pua ya gari."

Yeye hakucheka. Alikuwa amesikia sanduku likigonga.

Mara mbili. Ngo, ngo.

Alimtazama shemeji yake. Alikuwa akijifuta mikono kwa tambara, hana habari.

Kabla hajaolewa alikuwa akifanya kazi kiwanda cha barafu, na kila Jumamosi alipeleka gunia moja uwanjani, kwa dereva mmoja mwenye tabasamu la aibu. Mbio zenyewe hakuzipenda. Moshi ule, na kelele za kupasua kifua! Kama si barafu asingekanyaga pale. Hata baada ya ndoa, hata akiwa na mimba ya miezi minane, alikwenda na gunia lake. Alimimina, akafunga kifuniko, akakipiga kofi mara mbili. Ngo, ngo. Mumewe hakuwasha injini mpaka asikie yale makofi. Maji ya kuyeyuka mume aliyamwaga mwenyewe baada ya mbio. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Sasa makofi yalimfuata kila mahali. Aliyasikia kwenye sinki akiosha vyombo. Aliyasikia binti yake alipotikisa glasi ya maji ya barafu, akamnyang'anya, mtoto akabaki anamshangaa.

"Weka barafu," alisema. "Au turubai lirudi."

"Lakini kwa nini? Nipe sababu moja tu."

Alikaa juu ya tairi.

"Siku ile sikupeleka."

"Hukupeleka nini?"

"Barafu. Mtoto alikuwa na homa, nikamwambia baba yake achague, mbio au sisi. Akasimama pale mlangoni na funguo mkononi. Akaniambia, haya, leo nakimbia bila. Nikamwacha aende." Alitazama viganja vyake. "Sanduku lilikuwa kavu, shemeji. Mimi ndiye niliyemuua."

"Walisema tairi lilipasuka. Mimi mwenyewe nililiona."

"Walisema."

Ule utani wote ulimtoka shemeji yake usoni, akaonekana ghafla kama kaka yake.

"Miaka miwili unatembea na hilo peke yako?"

"Ningemwambia nani? Mama yenu?"

Shemeji yake aligeukia ukutani, kama mtu anayemwomba radhi mwingine.

"Nilimwahidi," alisema. "Kaka, nisamehe."

Akachukua spana, akapanda nyuma ya pikapu. Nati nne za sanduku zilikuwa zimeshika kutu. Ya mwisho alilazimika kuigonga kwa nyundo. Kisha akalilaza sanduku ubavu.

"Njoo uone."

Mjane alipanda. Chini ya sanduku palitakiwa pawe na mipira miwili ya maji, inayopita sakafuni hadi mbele kwenye kipoza. Mipira ilikuwepo. Kila mmoja ulikuwa mfupi kama kidole, mdomo wake umezibwa kwa bolti na kukazwa kwa waya, na waya ulikuwa umeoza kwa kutu ya miaka. Sakafu hapo chini ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu hata moja.

Kwenye kitako cha sanduku, kwa rangi nyeupe, palikuwa na mwandiko aliousoma mara elfu kwenye vikaratasi vya jikoni. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi mmoja kabla mumewe hajaja kwao kuposa.

"Dogo, usiunganishe. Gari halihitaji. Na yule dada wa barafu asijue, asije akaacha kuja."