Bangili ya Mama Mkwe

Siku hizi kila aliyefika miaka hamsini anavaa bangili ya presha. Ikivuka mia na sitini alfajiri tatu mfululizo, gari linakuja kumpeleka Nyumba ya Utulivu. Jirani yetu Bi Mwanashehe alipelekwa mwaka juzi, hajarudi.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, anakula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na achari kila siku, vidonge hamezi, na bangili inasoma mia na kumi na nane. Nikawa namchunguza kimya kimya. Kumbe inapima saa ileile anapotawadha, na akitawadha huivua ili maji yafike kwenye ngozi. Ikikosa mkono inalia, basi hunivisha mimi.

"Mama, hii presha ni yangu," nikamwambia.

Akacheka. "Basi jitunze, mwanangu, nisije nikabebwa!"

Tangu hapo kila nikiivaa moyo unanienda mbio. Juzi ilisoma mia na sitini na tano. Jana, mia na sabini.

Leo nimenyoosha mkono kama kawaida. Mama ameivutia kifuani.

"Leo natawadha nayo," amesema, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeliita lile gari.