Baba wa Magnolia

Siku hizi hakuna kinachoishi uani bila kuandikishwa majina ya wazazi wake wawili, uwe mti, awe mtoto. Mti usio na majina hukatwa. Mtoto, watu hawasemi.

Ndiyo maana Tusekile, aliyetoka zamu bila kulala, alisimama chini ya mti wake wa maua, magnolia chotara, uliochanua kwa mara ya kwanza, akimsubiri mkaguzi amalize kupapasa manyoya ya nyuma ya jani.

"Mama yake ni ile nyeupe ya kanisani," alisema mkaguzi, Bi Mwakalinga, akiandika kwenye kifaa chake cha usajili. "Baba je?"

"Nilichavusha maua kwa unyoya wa kuku, mama, kila ua nikalifunga uzi wa rangi ya baba yake. Mimba ikanilaza. Nilipokuja kutoka nje, jua lilikuwa limezipausha nyuzi zote."

"Wewe nawe, kalamu hukuwa nayo?"

"Nisamehe, mama. Mbegu ya mti huu niliizika pamoja na kitovu cha Anyisile."

Bi Mwakalinga alimtazama Anyisile, binti wa miaka sita aliyekaa kizingitini akivaa viatu vya shule, akashusha pumzi.

"Taja jina lolote, mwanangu. Na mimi miguu inaniuma."

"Ile ya zambarau, ya pale hospitali."

Kifaa kikakubali, na mkaguzi akaenda zake. Tusekile akauegemea mti wake, akafumba macho, mwili wote ukalegea kwa raha.

"Mama," Anyisile aliita, "na mimi, baba yangu uliwatajia nani?"