Cheti cha Shivachi

Shivachi aliuma kola ya shati lake, kisha akamimina spiriti. Ilipogusa kinena, machozi yalimtoka, lakini hakupiga kelele. Upande wa pili wa pazia mkewe, Nabwire, alikuwa akikata sukuma wiki.

"Bado inakusumbua, Baba Musimbi?"

"Kidogo tu."

Haikuwa kidogo. Huu ulikuwa mwezi wa tatu. Kule Kawangware alikofanya kazi ya udobi alishinda kwenye mvuke, suruali imelowa, akijikuna kwenye pembe ya meza wenzake wakimpa kisogo. Alikuwa amejaribu salfa, akajaribu majani ya kuchemsha, kisha krimu aliyouziwa dukani Makina. Ile krimu ilituliza muwasho wiki moja, halafu upele ukarudi kwa hasira, ukateremka mapajani kwa maduara mekundu.

Lakini kilichomkosesha usingizi zaidi ni Nabwire. Hakuwa amemuuliza lolote, ila mara moja tu, akimfulia.

"Ilianza lini hasa?"

"Uliporudi kutoka Busia, baada ya matanga. Kama wiki mbili hivi baadaye."

 Nabwire aliendelea kufikicha nguo ile ile mpaka povu likaisha. Tangu siku hiyo alilala akiangalia ukuta, na chakula alikiweka mezani bila kumtazama mumewe usoni.

Shivachi alijua mkewe anafikiria nini. Mwanamume aachwe peke yake Nairobi mwezi mzima, halafu aote upele mahali kama pale! Hakuwa amemgusa mwanamke mwingine. Lakini angeapa kwa nini, na nani angemwamini?

Jumamosi alijikaza, akaenda kwa Daktari Nderitu. Daktari alikwaruza ngozi kidogo, akaitazama kwenye hadubini, akatabasamu.

"Ni choa tu, mzee. Inapenda penye joto na unyevu. Hiyo krimu itupe, ndiyo imeinenepesha. Paka hii wiki nne, hata muwasho ukiisha. Na uvae nguo kavu."

"Kwa hivyo si ugonjwa wa wanawake?"

"Ni ugonjwa wa suruali mbichi."

Shivachi aliomba aandikiwe maneno hayo, yapigwe mhuri. Alirudi nyumbani Kibera nusura akimbie. Alimkuta Nabwire akiwasha jiko, akamkalisha kitandani, akamsomea cheti neno kwa neno: choa, wala si ugonjwa wa zinaa.

"Umesikia, Mama Musimbi? Si kitu mtu anatoa nje ya ndoa."

Nabwire alikichukua kile cheti kwa mikono miwili. Aliutazama mhuri kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia.

"Kwa hivyo," akasema, "si mimi niliyekupa?"