Kitabu Ndani ya Mchele

"Nakwambia sikijui!"

"Hukijui, na kimetoka kwenye mchele wako!"

Dastan alisimama katikati ya jiko, shati limekunjwa, mkono wa kulia mweupe kwa vumbi la mchele mpaka kwapani. Mbele yake gunia aliloliteremsha rafiki yake Ambrosi siku iliyotangulia, kutoka mashine za kukoboa za Ubaruku, lilikuwa limefumuliwa kama mgonjwa wa upasuaji. Alishika kitabu kinene kilichovalishwa jalada la kaki, kama cha mtoto wa shule. Ndani kilijitambulisha bila haya: historia ya wanawake, na yote ambayo dunia imesema juu ya hamu yao.

"Hamu, mama Eveline! Mweka hazina wa jumuiya ya kanisa, mama wa watoto watatu, unasoma habari za hamu!"

"Kwani hao watoto niliwaokota sokoni Igawa?"

Dastan alipandisha sauti.

"Jumamosi nakipeleka jumuiya, kisomwe mbele ya watu wote. Halafu unarudi kwenu Tosamaganga, ukafundwe upya!"

Paskalina, mkewe, alibetua mdomo, lakini aliogopa. Pale kwao mwizi wa kuku husamehewa. Mwanamke akitiwa doa la namna hiyo, hata wajukuu zake huonyeshwa kidole. Na Dastan akisema neno hulitimiza.

"Nani kakutuma kuchimba gunia?"

"Ambrosi. Rafiki wa kweli. Kaniambia, 'Mimi si mmbea, ndugu yangu, lakini wanawake wa siku hizi! Ingiza mkono kwenye gunia la mchele mpaka kwapani. Utanishukuru.'"

Ambrosi! Hapo Paskalina akaona ameelewa. Apolonia, mke wa Ambrosi, siku hizi huchota maji akiimba. Juzi pale bombani Paskalina alimuuliza ana nini, Apolonia akacheka mpaka ndoo ikamponyoka kichwani. "Na wewe zamu yako itafika," alisema. Basi ndiye! Kitabu ni chake, kakisukumiza kwenye gunia, na mumewe kamwona.

Lakini rafiki hauzwi. Paskalina akageuka kukoroga maharage motoni.

"Unanigeuzia mgongo, eh? Basi soma! Kwa sauti! Nisikie uchafu wenyewe kabla sijaupeleka."

Paskalina alifuta mikono kwenye kanga, akasoma. Kitabu kilieleza kwamba zamani, mahali pengi, bibi harusi alifundwa kuomba, si kutoa tu. Kisha wakaja wenye kalamu, wakaandika kwamba mwanamke mwema hana hamu. Ni sawa na kuandika kwamba mwanamke mwema hana njaa.

"Walioandika ni akina nani?" Dastan alidakia.

"Wanaume."

"Waliwauliza wake zao?"

"Kinasema hawakuwauliza."

Dastan alikuna kichwa, punje za mchele zikabaki kwenye nywele. "Mimi niliwahi kukuuliza?"

"Miaka yote hii, baba Eveline, umeniuliza chumvi iko wapi."

Kicheko kilimtoka Dastan kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Akaketi juu ya gunia. "Endelea."

Akaendelea. Maharage yakaungua, hakuna aliyenyanyuka.

"Hii ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Na hii?"

"Hiyo inategemea mume."

Mwisho Dastan aliuliza swali ambalo halikuwamo kitabuni, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi ugenini. Paskalina alimjibu bila kupindisha. Siku hiyo duka lao la kando ya barabara lilifungwa mchana kweupe, na madereva wa malori walipiga honi bure.

Kesho yake Paskalina alirudi kutoka bombani akiimba, nusu ya maji yameishia njiani. Akamkuta mumewe dukani, anapangusa mizani na kupiga mluzi.

"Na jumuiya, baba Eveline?"

"Jumuiya watasoma Injili. Hiki kina kazi nyingine."

Mara kirikuu cha Ambrosi kikasimama mlangoni. Ambrosi alimtazama Dastan, Dastan akamtazama Ambrosi. Walicheka tu, mpaka Ambrosi akaegemea usukani na honi ikalia yenyewe. Kisha akaondoa gari. Paskalina akadhani wanamcheka yeye.

Hazikupita dakika nyingi akaja Saulo, fundi wa pancha wa banda la pili, uso umekunjamana. Alikuwa ameagiza gunia la mchele wa kula nyumbani.

"Shemeji, usinione nimenuna," alimwambia Paskalina. "Mke wangu kanuna, na mimi nimenuna. Ndiyo maisha yetu."

Dastan aliacha kupiga mluzi.

"Kaa hapo, Saulo. Nitakufungia gunia lako mwenyewe."

Akaingia stoo, akakawia kidogo. Alipotoka na gunia begani, limeshonwa vizuri, mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwapani. Akalipakia kwenye baiskeli ya Saulo, akalikaza kwa mpira, akamwinamia sikioni, na Paskalina akasikia kila neno:

"Mimi si mmbea, ndugu yangu, lakini wanawake wa siku hizi!"