Taa Bado Nyekundu

Magari yote matatu yaliyokuwa mbele yake yaliwahi kupita, lakini Delphin alisimama. Taa ilikuwa imegeuka nyekundu sekunde ile ile. Kipande hicho cha barabara, mtu anapotoka Kamembe kuteremka mpakani, kilikuwa kwenye matengenezo na kimebaki upande mmoja tu. Nyuma yake dereva wa lori alipiga honi kwa hasira. Delphin akazima injini kabisa.

Kwenye kiti cha nyuma dada yake, Christelle, alikuwa amempakata mama yao. Alimfunga kitambaa kupitia chini ya kidevu, kama mtu anayeumwa jino, na kumfunika blanketi hadi shingoni ingawa jua la saa saba lilikuwa linachoma.

"Delphin, si upite tu," alinong'ona.

"Hapana. Leo sipite nyekundu ingine."

Askari wa barabarani akatoka kivulini na kuwajia. Kifuani palikuwa na jina, Hategekimana, lakini Delphin hakuhitaji kulisoma. Walikuwa wamejuana tangu asubuhi.

Asubuhi hiyo walivuka mpaka kutoka Bukavu, mama akivuta pumzi kwa shida. Walipokuwa wanampakia garini alikuwa ameomba jambo moja tu: lije la kuja, jioni hiyo alale nyumbani kwake Kadutu, asiachwe ng'ambo. Delphin akaikuta taa hii hii ni nyekundu, na akaipita roho mkononi. Hategekimana akamsimamisha.

"Niko na mgonjwa, chef! Anakosa pumzi!"

Hategekimana alicheka. Tusimlaumu sana, maana wafanyabiashara wa mpaka huu wameuharibia ugonjwa jina. Haipiti wiki bila bibi fulani kuvushwa akigumia chini ya blanketi, naye amelalia mitumba na makopo ya mkorogo. Kwa hiyo askari alifunua blanketi. Alipekua chini ya viti, akagonga milango, akaminya hata mto aliolalia mama. Hakupata kitu. Ndipo akaanza kuandika adhabu, taratibu, kwa mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Dakika arobaini zikapita. Alipompa Delphin karatasi alimpa na mawaidha: taa nyekundu ni ya wote, mzima na mgonjwa.

Katika zahanati ya kwanza waliyoifikia, nesi wa makamo alimshika mama kifundo cha mkono, kisha akamvuta Delphin pembeni.

"Hatuna cha kumufanyia, Papa. Mumurudishe kwenu sasa hivi, mbele ya bantu ba hapa kuanza kuuliza makaratasi."

Na sasa Hategekimana alikuwa dirishani tena, anatabasamu.

"Naona sheria imeingia kichwani," alisema. Kisha akachungulia nyuma, akauona uso wa mama, na tabasamu likamtoka. "Kumbe njo kweli alikuwa mgonjwa?"

"Njo kweli, chef."

"Na sasa anaendelea namna gani?"

"Analala."

Askari alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Aibu ilikuwa imemjaa, na ilionekana ni aibu ya kweli. "Unisamehe, Papa. Pita basi. Nitasimamisha bale ba ngambo ile ya barabara. Mgonjwa hawezi kungoya."

Delphin alimtazama. Tangu asubuhi alikuwa ameyapanga maneno ya kumtukana, lakini yote yalikuwa yamekwisha. Alichosikia ni uchovu tu.

"Taa bado nyekundu, chef," alisema. "Tutangoya. Hatuna haraka."

Wakangoja mpaka ikageuka.

Mpakani, kando ya kizuizi, palikuwa na pikapu iliyobeba jeneza, na wanawake wanne wameketi kwenye kivuli chake. Hiyo ilikuwa siku yao ya pili ya kungoja. Muhuri mmoja wa kibali cha kuvusha maiti ulikuwa umekosekana, na mwenye muhuri alikuwa mji mwingine. Christelle aliwaona, akageuza uso haraka. Delphin akapenyeza vibali vitatu dirishani.

"Na huyu mukecuru?" karani aliuliza, akinyoosha shingo kumtazama mama.

"Mgonjwa," Delphin alisema.

Asubuhi neno hilo halikumsaidia kitu. Safari hii karani alitikisa kichwa kwa huruma, akapiga mihuri mitatu. "Asishuke. Pole sana."

Kikabaki kituo cha afya. Msichana mwenye koti jeupe alikuwa anawapima wasafiri joto kwa kimashine anachoelekeza kwenye paji la uso. Kikiwaka nyekundu, mtu anawekwa pembeni na havuki siku hiyo. Mzee mmoja mbele yao alikuwa ameshawekwa pembeni, ameketi kwenye benchi na mkoba wake magotini.

Delphin aliwaka kijani. Christelle aliwaka kijani. Msichana akafungua mlango wa nyuma, akainama juu ya mama. Christelle akalivuta blanketi hadi kidevuni. Delphin akatazama usukani na kuomba kwa mara ya mwisho siku ile.

Kimashine kikalia. Kijani.

"Hana homa hata kidogo!" msichana alisema, amefurahi kwelikweli. "Mungu ni mwema, Papa. Mukecuru atapona. Mupite."

Delphin alimshukuru, akawasha gari, akavuka daraja polepole. Ng'ambo ya pili wajomba zake walikuwa wamesimama kwenye vumbi, kofia mikononi, na jeneza walilokuja nalo lilikuwa limeshafunguliwa.