Nafasi ya Watu Wawili

Mwezi wa tisa, kabla chai haijapoa kwenye gilasi, Bi Genowefa alimwomba mkwewe pasipoti.

"Ya nini tena?" Amadeu aliuliza.

"Nataka jina lako lote, Bwana Amadeu, kama lilivyoandikwa. Na tarehe ya kuzaliwa."

Aliyanakili kwa herufi kubwa pembeni mwa gazeti, akayasoma mara mbili, akavua miwani. Kisha akamwongezea mkwewe viazi kwenye sahani kama kawaida yake, bila kumuuliza kama ameshiba.

Viazi havikushuka. Mkewe Danuta alikuwa amefariki mwezi wa pili, na nyumba ilikuwa ya mama yake. Huko Tarnów, mji wa Poland walikoishi, ofisi ya mji huandika nani anaishi nyumba ipi, na mwenye nyumba akichoka na mtu huenda na jina lake na tarehe yake, akaomba afutwe. Amadeu, Mreno mjane asiye na mtoto, hakuwa na mbele wala nyuma.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiwachunguza Wapolandi, na kila Jumapili akimpigia simu dada yake kule Setúbal amsimulie. Watu hawa, dada, hawakupi mkono kizingitini, eti mtagombana. Ukivuka tu wanakuvisha ndara. Maua huyahesabu, kwa sababu yakiwa jozi ni ya maiti. Mama mkwe jina lake limeshachongwa kwenye kaburi la mumewe, na huku yuko jikoni anakanda unga! Na huitana bwana na bibi mpaka mkubwa apende mwenyewe kuacha.

"Msubiri mama," Danuta alikuwa akimwambia, akicheka. "Mlango huo anaufungua yeye."

Haukufunguliwa. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini Amadeu kwa miaka yote hiyo hakupewa hata kijiko akioshe. Kila aliposogelea karai Bi Genowefa alimpiga kikumbo. "Kaa, bwana. Mgeni haoshi vyombo."

Mwezi wa kumi akasikia mengine. Alikuwa anashuka ngazi, na mlango wa jikoni haukufungwa vizuri. Mirek, mdogo wake Danuta, aliyerudi kwa mama baada ya ndoa kumshinda, alikuwa akinong'ona.

"Nimeshawauliza, mama. Nafasi ni ya watu wawili tu. Wa tatu haingii."

"Nani kakwambia nataka wa tatu? Wawili wananitosha."

"Na yeye utamwambia lini?"

"Simwambii. Mwenye macho ataona siku ikifika."

Amadeu alihesabu palepale kwenye ngazi. Mama, mmoja. Mirek, wa pili. Akarudi juu taratibu, viatu mkononi, kwa aibu ya kitu ambacho hakukifanya.

Angeweza kuuliza. Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, ana mdomo na lugha anaijua. Lakini unamuulizaje mama aliyemzika mwanawe, utanifukuza lini? Kila akifungua kinywa aliletewa supu. Basi akakata tiketi ya kwenda Lisbon, ya tarehe tatu Novemba, ya kwenda tu. Bora aondoke kwa miguu yake kuliko kusukumwa.

Kilichomkata maini kilikuwa kimoja. Kila Jumamosi alikwenda kwenye lile tuta la udongo lenye msalaba wa mbao, akang'oa magugu, akampa Danuta umbea wa wiki. Alitaka kubaki karibu naye, basi, hana haja na nyumba ya mtu. Akiondoka, nani atamwambia Danuta kwamba jirani kaachwa tena? Hata jiwe la kaburi hakuachiwa alichague. "Jiwe ni juu yangu," Bi Genowefa alikuwa amesema siku ya mazishi, na wiki mbili hizi hata kwenda walimzuia. Mafundi wanalisimamisha, walisema, utawasumbua.

Siku ya Watakatifu Wote mji mzima ulielekea makaburini, mishumaa mikononi na vyungu vya maua kwapani. Mirek alibeba ndoo ya maji. Bi Genowefa alibeba mfuko wa brashi na vitambaa, na Amadeu alipojaribu kumpokea aliuvuta upande wa pili.

"Bi Genowefa," alisema kwenye lango, mkono mfukoni juu ya tiketi. Maneno alikuwa ameyapanga tangu asubuhi. "Nina neno. Keshokutwa mimi..."

"Baadaye."

"Ni muhimu."

"Hata waliolala humu wana muhimu zao, bwana. Kwanza Danuta."

Wakapita katikati ya watu, bibi kizee mbele, Mirek nyuma akimwaga maji na kukwepa macho ya shemeji yake. Amadeu aliona hivyo, akaelewa kwamba siku imefika. Aliomba tu asifukuzwe pale, Danuta akisikia.

Jiwe lilikuwa jeusi, pana, limepakwa vumbi jepesi la mafundi. Kushoto lilisomeka jina la Danuta na tarehe zake mbili. Kulia palichongwa AMADEU JOSÉ TELES FIGUEIRA, bila kosa hata la herufi moja, kisha tarehe yake ya kuzaliwa, kisha kistari, na mbele ya kistari jiwe tupu.

Bi Genowefa alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akamtia mkononi.

"Huo upande wako, mwanangu. Sugua mwenyewe."